Jumamosi na Jumapili za Ugenini

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa Chama chetu, uliofanyika siku ya Jumamosi katika ukumbi wa chakula wa shule.)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nizungumze juu ya masomo ya ng'ambo na faida zake. Nimeifikiria mada hiyo kwa majuma matatu, na naomba radhi, nimeibadili. Masomo niliyoyapata Uingereza yamo katika cheti, na cheti kimo sandukuni. Anayetaka kukiona aje nyumbani. Mimi nitazungumza juu ya siku za Jumamosi na Jumapili, kwa kuwa katika miaka miwili niliyokaa huko, siku hizo ndizo zilizonifundisha mambo ambayo bado nayatumia. Mke wangu yupo hapa, ameketi safu ya pili, na amenipa ruhusa ya kusema yote isipokuwa jambo moja. Hilo sitalisema.

Tulifika mji wa Swansea mwezi wa Septemba 1981. Swansea ni bandari ya Wales, nchi ndogo iliyo upande wa magharibi wa Uingereza, yenye lugha yake na watu wake. Mimi nilikwenda kusoma mipango ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha hapo. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alichukua likizo bila malipo ili afuatane nami. Mtoto wetu wa kwanza, wa miaka mitatu, tulimwacha Pangani kwa bibi yake, maana posho yangu ilikuwa ya mtu mmoja na tayari tulikuwa tukiila wawili.

Tulipanga chumba kimoja chenye dirisha moja. Kitanda kilikuwa upande huu, meza yangu upande ule, na baina yao jiko dogo la gesi lililokula sarafu kama mtoto anayekula karanga. Mimi nilikuwa mtu wa umri wa miaka thelathini, nimetumwa na serikali, nikiogopa kushindwa. Basi nilisoma Jumatatu hadi Ijumaa, nikasoma Jumamosi, nikasoma na Jumapili. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Niliwaandikia rafiki zangu, na wengine wao wamo humu ndani, kwamba Ulaya sijaiona ila kupitia dirishani. Nilidhani hayo ni maneno ya mtu hodari.

Ikaja Januari 1982. Usiku wa tarehe 7 ilianza kuanguka theluji, ikaanguka siku ya pili yake mchana na usiku, upepo ukaikusanya mpaka ikafunika magari na kuziba milango. Wenyeji wenyewe walisema hawajaona kitu kama kile kwa miaka mingi. Mabasi hayakwenda, treni hazikwenda, mkate uliadimika madukani. Siku nne tulikuwa ndani ya chumba kile. Nami nilifurahi, ndugu zangu, kwa kuwa nilipata siku nne za kusoma bila kukatizwa.

Siku ya nne nilisikia sanduku likifungwa. Nikageuka. Mke wangu alikuwa amekunja nguo zake zote. Nikamwuliza, "Unakwenda wapi na theluji hii?" Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa: "Theluji ikiyeyuka nakwenda kwetu. Nimemwacha mwanangu Pangani nije kukaa na mgongo wako. Tangu Septemba mimi nauona mgongo tu."

Vijana, nimepata mitihani mingi maishani. Swali lile ndilo lililonishinda kulijibu. Nilikaa kitandani, nikaliangalia jiko, na sarafu ikaisha, moto ukazimika. Hatukuwa na sarafu nyingine. Tukajifunika blanketi moja tukazungumza mpaka usiku. Tulipomaliza tulikuwa tumefanya mapatano ya maneno mawili: Jumamosi ni yetu, Jumapili ni ya ndugu. Jumamosi sitashika kitabu, tutatoka, mvua au jua. Jumapili tutatembelea mtu, au tutatembelewa, au tutaandika barua nyumbani, na barua haitaahirishwa. Sanduku likafunguliwa. Mke wangu akatoa daftari akaandika mapatano hayo katika ukurasa wa kwanza, na chini yake fedha tuliyotenga: pauni nne kila juma, nauli na chakula. Daftari hilo tunalo hadi leo.

Sasa niwaambie jinsi watu wawili wanavyotembea kwa pauni nne. Kwanza, chakula unakibeba. Chapati na mayai ya kuchemsha, chai katika chupa. Pili, unaanza na karibu. Jumamosi ya kwanza hatukufika mbali, tulikwenda sokoni tu. Soko la Swansea lina paa, na katikati yake wamo kina mama wanaouza kombe wadogo kutoka kijiji kiitwacho Penclawdd. Kina mama wa huko, tangu zamani, walikuwa wakingoja maji yapwe, kisha wakienda mchangani kuchimba kombe. Zamani waliwabeba kwa punda. Karibu na kombe waliuza mwani uliochemshwa mpaka ukawa kama mchicha uliopondwa, na wenyeji huula kwa chakula cha asubuhi. Mke wangu alisimama pale kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Yeye ni mtoto wa pwani. Amekua akiokota kombe na mama yake maji yakipwa. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa cha darasani, na cha yule mama mwuzaji kilikuwa cha Wales, kwa hiyo walizungumza kwa mikono: hivi ndivyo tunavyochimba, hivi ndivyo mgongo unavyouma. Tangu siku ile yule mama alikuwa akimwekea kikombe cha nyongeza kila Jumamosi. Miezi minne mke wangu hakuwa na mtu wa kumwambia habari za asubuhi isipokuwa mimi, nami nilikuwa sijibu. Sasa akapata mmoja. Siku hizi kina mama wa pwani yetu wanalima mwani na kuuza nchi za nje. Kila nikiuona ukianikwa namkumbuka mama yule.

Jumamosi nyingine ilikuwa zamu yangu kuchagua, nikachagua mpira. Vijana mtapenda kujua kwamba msimu ule wa 1981 hadi 1982 timu ya Swansea City ilikuwa imepanda daraja la kwanza la Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilianza kwa kuwafunga Leeds mabao 5 kwa 1, ikaongoza ligi kwa vipindi, ikamaliza nafasi ya 6. Msimu uliofuata ikashuka. Uwanja wake wa wakati ule, Vetch Field, ulikuwa jirani kabisa na gereza. Mke wangu aliangalia ukuta wa gereza, akaangalia watu wanavyosukumana kuingia uwanjani, akaniuliza, "Una hakika tumepanga foleni iliyo sawa?"

Lakini matembezi ninayotaka kuwasimulia zaidi ni ya Worm's Head. Ni mwamba mrefu unaoingia baharini kama joka lililolala, mwisho wa rasi ya Gower. Basi hutoka Swansea hadi kijiji cha Rhossili, kisha unatembea kwa miguu. Maji yakipwa, mawe yanayounganisha mwamba na nchi kavu huonekana, na watu huvuka. Njia hiyo huwa wazi kama saa mbili na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na saa mbili na nusu baadaye. Baada ya hapo inafunikwa, na aliyebaki ng'ambo hungoja mpaka maji yapwe tena. Waliojaribu kuogelea wamepoteza maisha.

Mimi ni mtu wa milimani, Lushoto. Bahari kwangu ni kitu cha kuangalia. Tulivuka, tukafika mbali, nikatandika kanga tukale. Nilikuwa nimeshika chapati ya pili mke wangu aliposema, "Maji yamegeuka." Nikamwambia bado yako mbali. Akasema, "Lile jiwe lenye kichwa cheupe lilikuwa kavu tulipokaa. Sasa limelowa. Inuka." Nikamweleza, kwa elimu yangu yote, kwamba kibao tulichokisoma kilitupa muda zaidi. Akanijibu, "Kibao hakijui wewe unatembea polepole." Akakunja kanga na chapati ndani yake, akaenda. Nikamfuata. Tulipofika katikati ya mawe maji yalikuwa magotini, na ya baridi kiasi cha kukata pumzi. Kwetu Pangani bahari hupanda na kushuka kama mita tatu au nne. Huko Swansea, siku za bamvua, hupanda zaidi ya mita nane, na hupanda kwa haraka. Mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa ukingoni alitupa mkono kutuvuta, akamwambia mke wangu kwamba amefanya vizuri. Mimi hakuniambia kitu.

Katika basi, viatu vyangu vikitoa maji, nilimwambia mke wangu asante. Ndoa yetu ilikuwa na miaka mitano. Nadhani ile ndiyo siku ya kwanza niliyokubali moyoni kwamba mwenzangu anajua jambo nisilolijua. Sikulijifunza darasani, na kama ningebaki mezani siku ile nisingelijua hata leo.

Sasa nakuja kwa Jumapili.

Tulipokuwa tunaondoka Pangani, mama mkwe wangu alimpa binti yake bahasha kuukuu. Ndani hamkuwa na barua. Barua ilikwisha chakaa. Ilikuwa bahasha tu, yenye anwani ya mtaa mmoja wa Cardiff na muhuri wa posta wa mwaka 1961. Ilitoka kwa kaka yake, ambaye alikuwa baharia, akaondoka Tanga na meli mwaka 1953. Baada ya bahasha ile hakusikika tena. Mama alisema, "Kama ni mzima, mwambieni dada yake anamsalimu. Kama amekufa, nionyesheni kaburi lake." Bahasha ile ilikaa katika sanduku letu tangu Septemba. Nilikuwa nimesema tutakwenda Cardiff masomo yakipungua. Masomo hayapungui, ndugu zangu.

Jumapili moja ya mwezi wa Machi tulipanda treni. Si safari ndefu, ni kama saa moja tu, unapita Neath, unapita Port Talbot yenye viwanda vya chuma, ambavyo matanuru yake makubwa ya mwisho yalizimwa mwaka 2024. Cardiff ilikuwa bandari kuu ya makaa ya mawe. Mwaka 1913 peke yake ilisafirisha zaidi ya tani milioni 10. Mabaharia wa Yemen, wa Somalia, wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Cape Verde walikaa katika mitaa iliyo karibu na gati, mahali paitwapo Butetown. Tulifika na bahasha yetu mkononi, tukatafuta mtaa. Haukuwapo. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa miaka ya 1960 na kujengwa upya. Tulizunguka katika mvua mpaka jioni, tukarudi Swansea. Mke wangu hakusema neno njia nzima.

Jumapili ya pili tulikwenda moja kwa moja msikitini. Baada ya sala ya adhuhuri tukamwonyesha bahasha mzee mmoja Msomali. Aliisoma jina, akacheka, akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Huyu? Huyu anadaiwa na mimi mchezo wa karata." Akatupeleka katika Loudoun Square, kwenye moja ya yale majengo mawili marefu, tukapanda juu, akagonga mlango kwa fimbo yake.

Mlango ulifunguliwa na mzee mwembamba mwenye sweta. Mke wangu akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mjomba."

Hakuitikia. Alitutazama muda mrefu. Kisha akaurudisha mlango, akatuacha nje. Tulidhani ametukataa. Kumbe alikwenda ndani kutafuta kofia. Akarudi amevaa kofia ya kiua, akafungua mlango wote, ndipo akasema, "Marahaba. Marahaba mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Tangu siku hiyo tulikwenda kila Jumapili ya pili. Mke wangu alipika wali wa nazi, nazi tukiinunua sokoni kwa bei ambayo ningeitaja hapa mngeguna. Mzee alitueleza habari zake kidogo kidogo. Alitia makaa melini, kisha akafanya kazi gatini mpaka gati likafungwa. Alioa mwanamke wa Wales, wakaishi vizuri, hawakujaliwa watoto, na mkewe alifariki mwaka 1977. Siku moja mke wangu alimwuliza waziwazi kwa nini hakuandika. Nitayarudia maneno yake kama nilivyoyasikia, maana ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo.

Alisema: "Mwanzo sikuwa na nafasi. Kila Jumapili nilisema nitaandika Jumapili ijayo. Ikapita miaka miwili. Halafu nafasi ikapatikana, lakini sikuwa na fedha ya kutia katika bahasha, nikasema nitaandika nikipata. Ikapita mitano. Halafu fedha nikapata, na haya ikanishika. Nitaandika nini? Nitaanzaje? Mimi nilikuja kwa safari mbili tu, mwanangu. Safari mbili."

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na kikombe cha chai. Nilikumbuka meza yangu, na sanduku lile lililofungwa mwezi wa Januari. Nilijiona mimi mwenyewe katika kiti cha mzee yule, nimevaa sweta.

Tulimwomba arudi nasi nyumbani. Akakataa. Alisema, "Kaburi la mke wangu liko hapa. Nikienda, nani atalizuru Jumapili?" Hatukuwa na la kujibu. Basi Jumapili yetu ya mwisho, mwezi wa Agosti 1983, tulikwenda na redio kaseti tuliyokuwa tumeinunua kwa kudunduliza, tukaiweka mezani, tukamwambia, "Mjomba, sema na dada yako." Alikataa, akakubali, akakataa. Mwisho akaomba tutoke nje. Tulikaa ngazini nusu saa.

Tulirudi Tanzania mwezi wa Septemba. Wenzangu mnakumbuka mwaka 1983: sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana, na betri za redio hazionekani. Umeme pale kwa mama mkwe haukuwapo. Nilizunguka Tanga siku mbili kutafuta betri sita. Tukaketi barazani Pangani, jamaa wote wamejaa, tukabonyeza. Sauti ikaanza: "Dada, ni mimi." Akawauliza watu kwa majina, mmoja mmoja, yule hajambo, na yule, na mwanawe yule. Kila jina likitajwa watu walitazamana, kwa sababu wengi walikwisha kufa. Mama mkwe alisikiliza bila kulia. Kaseti ilipofika mwisho akasema, "Upande wa pili una kitu?" Tukamwambia hauna. Akasema, "Basi geuzeni. Na ninyi tokeni nje."

Kaseti ile ilirudi Cardiff mkononi mwa kijana mmoja aliyekuwa akienda kusoma. Mzee aliishi miaka mitatu zaidi. Alipofariki mwaka 1986, yule rafiki yake Msomali alituletea kifurushi kwa posta: kofia, kaseti, na picha ya kaburi. Mama mkwe aliitundika picha hiyo ukutani, ikakaa hapo mpaka naye alipokwenda. Kaseti tunayo. Mjukuu wetu ameihamishia katika simu yake, pande zote mbili.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Namalizia.

Vijana, wengi wenu mtaondoka. Mtakwenda Dar es Salaam, mtakwenda Muscat, mtakwenda Marekani na Uchina. Someni, fanyeni kazi. Sikuja hapa kuwafundisha uvivu. Nilifaulu masomo yangu, na kwa alama nzuri kuliko nilivyotazamia, pamoja na Jumamosi zote nilizozitumia kutembea. Lakini jueni kwamba mwenzako hapotei kwa siku moja. Anapotea kwa Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo, mpaka haya ikaingia. Nasi wazee tusijidanganye kwamba tatizo lilikuwa posta. Leo kila mtu hapa ana simu mfukoni, na naweza kuwahesabu wenzetu wa darasa letu wanaoishi saa moja kutoka hapa, ambao hakuna aliyejua habari zao mpaka kadi za mkutano huu zilipochapwa.

Jambo la mwisho. Mwalimu wetu wa jiografia, aliyetufundisha maji kupwa na kujaa katika ubao ule nami nisielewe, yu hai. Haoni vizuri na hakuweza kufika. Anakaa ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Mimi na mke wangu tunakwenda kumsalimu mara tu baada ya chakula hiki. Gari letu lina nafasi tatu. Wengine wenye magari mnajijua.

Leo ni Jumamosi.